Msizipake drams za zamani rangi ya geti, zivisheni vinia

Ndugu Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo najua kwa wengi ni dogo ila kwetu sisi tunaopiga drams na kushika randa ni kubwa sana, nalo ni hizi drams za zamani zilizolala kwenye stoo za makanisa, kumbi na bendi, ambazo zikichakaa kidogo tu basi, ama zinapigwa rangi ya mafuta ile ya mageti, ama zinatolewa nje zinyeshewe, ama mtu anachukua bodi (lile duara la mbao lenyewe) ya bes dram, ile kubwa inayopigwa kwa mguu, anaigeuza meza ya kuwekea soda. Mimi nasema hapana, tuache. Bodi hizo ni mbao nzuri kuliko nyingi zinazouzwa leo madukani, na zikivuliwa plastiki yake iliyooza zikavishwa vinia, yani karatasi nyembamba ya mbao halisi, zinarudi kazini, na kazi yenyewe fundi samani yeyote wa Keko au Buguruni anaiweza akielekezwa vizuri.

Kilichonifanya niandike ni kwamba juzijuzi niliitwa kanisa moja hapa Dar (silitaji) kurekebisha snea (ile dram ndogo yenye waya chini), nikakuta seti nzima ya Premier ya Uingereza, ya zamani kabisa, imepakwa bluu ya mafuta kwa brashi. Rangi imepita juu ya plastiki, juu ya beji, juu ya lagi za kromu (vile vyuma vya ubavuni vinavyoshika boliti za kukazia ngozi), hadi kwenye mdomo wa dram pale ngozi inapokaa, na matone yamegandia kwenye boliti yani spana haiingii. Waliofanya hivyo walikuwa na nia njema, walitaka kwaya ionekane nadhifu siku ya harambee, sina ugomvi nao. Ila hakuna aliyewaambia wameshika nini mkononi.

Premier ilianza London mwaka 1922, muasisi wake Albert Della Porta naye alikuwa mpiga drams, kiwanda chao kikapigwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940 wakahamia upande wa Leicester na huko ndiko walikotengeneza drams zilizosambaa dunia nzima. Bodi zao za miaka ya 1960 ni tabaka tatu za mbao ya birchi, nyembamba, na ndani, juu na chini, wamezungushia pete ya mbao nene ili duara lisipinde. Kromu yao ni nzito, ukisugua kidogo tu inang'aa hata baada ya miaka hamsini ya hewa ya bahari, nimeshaona kwa macho yangu. Ludwig wa Chicago, walioanza mwaka 1909, nao miaka hiyohiyo walikuwa wanatumia tabaka tatu, popla katikati, mahogani au mepo pembeni, na pete ndani, mpaka katikati ya miaka ya 1970 walipohamia tabaka sita. Slingerland, wa Chicago hukohuko, mtindo wao ulikuwa unafanana. Halafu kuna zile za Japani zilizouzwa kwa majina chungu nzima wakati kiwanda ni kilekile, mbao yake laini nyekundunyekundu ya huko Asia, hizo watu wanazidharau ila na zenyewe zikitengenezwa vizuri zina sauti tamu, nzito, ya dansi hasa.

Zimefikaje huku? Wazee wanajua. Enzi zile bendi zilikuwa za mashirika, NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndio hiyo ikaja kuwa Juwata, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma, Vijana Jazz ikaja mwaka 1971 chini ya umoja wa vijana, Mlimani Park mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ukiacha bendi za polisi, jeshi na magereza. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi sio ya mwanamuziki. Mpiga drams alikuwa anahama leo yuko huku kesho yuko kule, drams zinabaki. Shirika likifa au bendi ikivunjika vyombo vinafungiwa stoo, mwenye ufunguo anastaafu, wanaokuja baada yake wanaona takataka imekaa pale inakula nafasi. Nyingine zilitolewa kwa shule, nyingine zikaishia makanisani, nyingine zinauzwa kilo kwa wanaonunua vyuma chakavu na hapo ndipo roho inaniuma, maana mnunuzi anataka ringi (zile duara za chuma zinazobana ngozi) na stendi tu, bodi anaitupa, wakati bodi ndiyo dram yenyewe.

Sasa tatizo la hizi drams ni nguo yake ya nje. Nyingi hazikupakwa rangi kiwandani, zilizungushiwa plastiki, ile yenye kung'aa mithili ya lulu au yenye chengachenga, na plastiki ile kwa miaka inasinyaa. Ikisinyaa inavuta, inaachia kwenye maungio, inapasuka kwenye matundu ya boliti, na joto la pwani linaharakisha mambo. Ukiona bodi ina ufa mrefu wa wima karibu na beji jua mara nyingi ni plastiki tu sio mbao, mbao chini yake ni nzima. Ukipaka rangi juu ya plastiki iliyoachia hujatengeneza chochote, baada ya miezi inabanduka na plastiki yake, na ile iliyoingia mdomoni inafanya ngozi isikae sawa, dram haishiki tuning, yani sauti uliyoipangia, mpigaji anaambiwa hajui kazi.

Kabla sijaendelea niseme hili mapema lisije likasababisha hasara. Kama plastiki ya asili bado imekaa vizuri, iacheni! Msiibandue kwa sababu tu mmesoma barua yangu. Ulaya na Marekani kuna watu wanazitafuta drams za miaka hiyo na wanataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani, plastiki ileile, beji ileile, matundu yaleyale, hata dram ikiwa na mikwaruzo. Tarehe 9 Februari 1964 The Beatles walipoonekana kwenye televisheni ya Marekani watu wapatao milioni 73 walimwona Ringo Starr amekaa nyuma ya Ludwig ya rangi nyeusi yenye mawimbi ya lulu, na kesho yake kila kijana akaitaka ileile, kiwanda kikawa kinafanya kazi usiku na mchana. Ukiwa na ya aina hiyo stoo halafu ukaibandua umejipunguzia mwenyewe. Vinia ni kwa ile ambayo plastiki imekufa, au mtu alishaipaka rangi, au alishaibandua zamani ikabaki na makovu ya gundi. Na hizo ndizo nyingi kwetu.

Kuna watu wataniuliza vinia inabadilisha sauti? Kusema ukweli kidogo sana, na anayekwambia inabadilisha sana anakuuzia kitu. Sauti ya dram inatoka kwenye ngozi uliyoweka, mdomo wa bodi ulivyochongwa, bodi kuwa duara kamili, na tuning yako. Mimi napenda vinia kwa sababu nyingine. Kiwandani bodi iliyokuwa inakwenda kuvishwa plastiki hawakuichagulia mbao ya nje nzuri, kwanini wahangaike wakati itafunikwa? Kwahiyo ukibandua unakuta viraka, mafundo, alama za gundi, ukipaka vanishi ya kuonyesha mbao inakuwa aibu. Halafu kuna suala la vipimo ambalo wengi hawalijui, ile plastiki ina unene wa kama nusu milimita, ukiiondoa bodi inapungua pande zote, ngozi inakaa na nafasi zaidi ya ilivyopangiwa, ringi nayo inaanza kucheza. Vinia ya kawaida ina unene wa kama milimita 0.6. Yani unarudisha karibu kilekile ulichotoa, tena kwa mbao halisi, ndio maana nasema ndiyo dawa yenyewe.

Haya, kazi inavyokwenda. Unaanza kwa kufungua kila kitu, lagi, boliti, beji, na kila dram unaweka vitu vyake kwenye mfuko wake, piga picha kwa simu kabla ya kufungua maana lagi za zamani zimeshazoea matundu yake na ukizichanganya utasumbuka. Beji ya Ludwig au Premier mara nyingi imeshikwa na kile kikopo kidogo cha tundu la hewa, usikichokoe kwa bisibisi, kikunjue taratibu kutokea ndani. Na ndani ya bodi angalia kama kuna mhuri wa tarehe, Ludwig za miaka ya 1960 nyingi zilipigwa mhuri wa wino mwekundu ndani. Usiusugue. Wala usibandue ile rangi nyeupe au ya kijivu yenye madoadoa ya ndani, hiyo ni kitambulisho cha dram.

Kubandua plastiki ndiko kwenye hatari na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Plastiki za zamani nyingi ni seluloidi ya nitrati, jamii ileile ya mikanda ya sinema za kale, inashika moto kwa kasi ya ajabu na ukishashika kuuzima ni shughuli. Kwahiyo usitumie ile mashine ya hewa moto ya kubandulia rangi, usitumie jiko, asivute mtu sigara karibu, wala usiisage na mashine ya msasa maana vumbi lake nalo linawaka. Tumia draya ya saluni kwenye joto dogo, pasha sehemu ya maungio mpaka gundi ilainike, ingiza kisu cha putty kisicho na makali, nyanyua polepole. Zile zilizogundishwa kwenye maungio na sehemu chache tu, ukishapita hapo zinatoka zenyewe. Vipande weka nje mbali na moto, sio kwenye kona ya karakana pamoja na randa na maranda.

Bodi ikishakuwa uchi ipime. Chukua tepu pima upana wa mdomo kutoka upande mmoja mpaka wa pili, zungusha pima tena, mara nne hivi, ukikuta tofauti ya milimita moja au mbili sio mwisho wa dunia ila zaidi ya hapo bodi imekaa vibaya stoo, imelaliwa na kitu kizito, na usiivishe vinia ukitegemea itanyooka. Halafu iweke mdomo chini juu ya kioo kinene au jiwe la granite la wanaotengeneza kaunta za jikoni, zima taa, weka tochi ndani. Mwanga ukichungulia chini ujue mdomo umeliwa hapo na itabidi uusawazishe kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo hichohicho, unazungusha bodi kidogokidogo bila kukandamiza upande mmoja. Huu ndio ukaguzi ambao ningependa kila anayenunua dram ya zamani aufanye kabla ya kutoa hela, maana plastiki mbaya inatengenezeka ila mdomo uliooza au tabaka zilizoachana na kuingia maji ni kesi nyingine.

Ziba matundu ya ziada na mikwaruzo kwa putty ya mbao, piga msasa namba 120 mpaka gundi ya zamani iishe, futa vumbi lote. Vumbi likibaki litaonekana, vinia ni nyembamba haifichi kitu, hata chembe ya mchanga unaiona ikishapakwa laka.

Sasa vinia yenyewe. Dram ya inchi 22 mzunguko wake ni kama sentimita 176, ya inchi 16 ni kama 128, ya inchi 12 ni kama 96, ongeza sentimita mbili tatu za kupishanisha. Kuna swali la mshipa wa mbao, uzunguke dram au usimame wima. Mimi nauzungusha, dram inaonekana imetulia, na kipande kimoja kirefu kinatosha, ukiusimamisha utalazimika kuunga vipande vingi sana maana karatasi ya vinia ghafi haina upana mkubwa. Tatizo linabaki bes dram, ina kina cha inchi 14 yani kama sentimita 36 na karatasi nyingi ghafi hazifiki upana huo, hapo ama unaunga mbili kwa ustadi ama unatafuta ile iliyobandikwa karatasi nyuma inayouzwa kwa shiti ya futi 4 kwa 8. Yenye karatasi nyuma haipasuki ovyo, anayeanza aanze na hiyo.

Karatasi za vinia zikifika usizitumie siku hiyohiyo. Dar hewa ina maji, vinia iliyokaa dukani kwenye kiyoyozi ukiileta karakana ya bati inakunywa unyevu inatanuka, ukiigundisha ikiwa hivyo halafu dram ikapelekwa Dodoma inakauka, inapasuka katikati. Ilaze siku kadhaa hapohapo karakana katikati ya mbao mbili zilizonyooka ikubaliane na hali ya pale.

Gundi zipo njia mbili na mafundi wanabishana. Wengine wanatumia ile gundi ya mpira ya mafundi viatu na makapeti, unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke mguso, ukigusanisha imeshika hapohapo. Ina haraka ila haina huruma, ukienda upande umekwenda, na mimi siipendi kwa vinia ghafi kwa sababu haigandi ikawa ngumu kabisa, miaka ikipita maungio yanaweza yakaachia kidogo na tina ya laka ikipenya inailainisha. Njia ninayoipenda ni gundi nyeupe ya mbao na pasi. Unapaka gundi kwenye bodi na nyuma ya vinia, tabaka jembamba sawasawa, unaacha ikauke mpaka ile weupe ipotee iwe kama kioo, unapaka ya pili kwenye kingo, inakauka tena. Kisha unaivisha bodi, unaweka kitambaa cha pamba juu, unapitisha pasi ya moto, gundi inayeyuka inashika, nyuma ya pasi unafuata na kipande cha mbao laini unakandamiza mpaka ipoe. Unaanza katikati unaelekea pembeni ili hewa itoke. Gonga kwa kucha ukipita, sehemu iliyoshika inatoa mlio mkavu, ambayo bado inalia tupu, unarudisha pasi. Ni kazi ya utulivu, sikio linafanya kazi kabla hata dram haijawekwa ngozi.

Maungio ndiyo yanayomtofautisha fundi na fundi. Usikate vipande viwili ukategemea vitakutana, pishanisha ncha, weka rula ya chuma, na wembe mpya kabisa kata zote mbili kwa mkupuo mmoja, toa kilichozidi cha juu na cha chini, laza, piga pasi. Zinakutana mpaka ukucha haushiki. Na mstari huo upange upite chini ya lagi au nyuma ya beji, mtu ataizunguka dram mara tatu hauoni. Kingo za juu na chini unapunguza kwa wembe halafu msasa, ukisugua kuelekea ndani tu, ukisugua kuelekea nje unanyanyua vinia. Vinia isizidi mdomo hata kidogo wala isifike kwenye ncha pale ngozi inapoegemea, ikomee chini ya mteremko. Valisha ngozi mpya kwa mkono, izungushe, inatakiwa izunguke huru bila kubana, ikibana punguza vinia pale kingoni kwa msasa kabla hujapaka laka. Ila angalizo kwa wenye Premier, zile za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilitengenezwa kubwa kidogo kuliko vipimo vinavyotumika leo, ngozi za kawaida hazizivai hata kabla ya vinia, msije mkadhani fundi kaharibu, pima kwanza ndipo uamue.

Matundu toboa kutokea ndani kwa drili nyembamba upate alama, halafu ugeuke utokee nje, nyuma umekandamiza kipande cha mbao, tupa ya duara imalizie. Ukitoboa kutokea ndani moja kwa moja na drili kubwa vinia inabanduka kwa nje kipande cha ukubwa wa shilingi mia na kazi yote imekwenda.

Kumalizia ni ladha ya mtu. Mimi napaka sanding sila (ile ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao), msasa namba 320 kwa mkono, laka nyembambanyembamba kwa bomba, na kati ya kila mkono wa laka msasa namba 400 kidogo. Wengine wanapaka vanishi nene wanataka ing'ae kama kioo siku ya kwanza, hiyo kwenye joto letu inabaki na mnato, na lagi zikifungwa mapema zinazama kwenye rangi. Subiri ikauke kabisa, nasema kabisa, na chini ya kila lagi weka kipande cha mpira mwembamba au karatasi ngumu. Ndani usipake kitu, mdomoni sugua mshumaa tu.

Nimeandika marefu Mhariri ila sijafika kwenye kinachonisumbua zaidi, nacho ni kwamba vinia nzuri ya mbao zetu hatuipati. Nchi hii ina mninga, mkongo, msaji wa mashamba ya Longuza na Mtibwa, mbao ambazo ukiziweka kwenye dram hakuna mepo ya Marekani itakayozizidi kwa sura. Mninga ukipakwa sila unatoa ile kahawia ya asali yenye mistari myeusi, mpigaji akikaa nyuma yake chini ya taa za ukumbi watu wanauliza hii dram imetoka wapi. Lakini fundi wa Keko akitaka vinia anaishia kununua mwaloni au walnati iliyotoka nje. Kule Mafinga viwanda vya vinia vipo, vinamenya magogo ya mikaratusi na misindano kwa kuyazungusha kwenye kisu kama unavyochonga penseli, vinatoa karatasi nene za kutengenezea plaiwudi na marine board, kazi nzuri sana, ila karatasi ile ni nene mno kuzunguka dram ya inchi 12 na sura yake sio ya kuonyesha. Vinia ya sura inakatwa tofauti, gogo linatulia na kisu kinateremka kinatoa kurasa moja baada ya nyingine, nyembamba, zenye michoro inayofanana ili fundi aweze kuzioanisha.

Na wanaojali misitu wasinikasirikie, hesabu yao na yangu ni moja. Mninga na mkongo wa Afrika viliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwenye mkutano wa Panama mwaka 2022, yani kuvisafirisha nje sasa kuna masharti, kwa sababu vinakatwa kuliko vinavyokua. Ubao mmoja wa inchi moja ambao leo unapasuliwa ukawa mguu wa kitanda, ukikatwa vinia ya milimita 0.6 unatoa karatasi zaidi ya thelathini, zinavisha seti kadhaa za drams kwa mti mmoja uleule, na msaji wa shambani tunaupanda wenyewe.

Nina maombi matatu. La kwanza kwa wenye funguo za stoo, makanisa, shule, taasisi zilizowahi kuwa na bendi, kabla hamjaita mnunuzi wa chuma chakavu muiteni mpiga drams mmoja mzee na fundi samani mmoja waziangalie, wasome beji, wachungulie ndani. Kukagua hakuchukui hata asubuhi moja. La pili kwa vyuo vya ufundi vya VETA na TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, mafunzo ya useremala yapo na mafunzo ya muziki yapo, hebu wakutanishwe kwenye kazi hii ya kutengeneza vyombo, kijana wa useremala ajue kwanini mdomo wa dram una mteremko na kijana wa muziki ajue chombo chake kimeundwaje, maana leo boliti moja ikikatika anasubiri mpaka mtu asafiri Dubai.

La tatu ni kwa wenye viwanda Mafinga na kwingineko. Tunaomba mninga au msaji, unene milimita 0.6, upana kuanzia sentimita 40, urefu mita 1.8, kurasa zifungwe kwa mfuatano wa gogo moja. Hata bando moja la majaribio. Wateja sio wapiga drams peke yao, mafundi wa milango, makabati na spika hapa Keko wanaitafuta bidhaa hiyohiyo kila wiki, na pesa yao mkononi.

Fundi samani na mpiga drams,
Keko, Dar es Salaam